Mji Unaolaza Watoto Nje

Nilikwenda Reykjavik kumrudisha mwanangu. Niseme hivyo mapema, maana nikisimulia habari za mji ule wenzangu hapa Toronto hudhani nilikwenda kutalii, kupiga picha milima na kununua sumaku za kubandika kwenye friji. Utalii gani, mwenzangu! Nilitoka kwetu Thorncliffe Park na sanduku moja la nguo na jingine la viungo, na moyoni nina neno moja tu: turudi. Mwanangu ndiye huyo mmoja, mjukuu wangu ndiye huyo mmoja, na wote wawili wako kwenye kisiwa cha barafu. Nilitaka niwalete hapa, tukae jengo moja, nikisikia mtoto kalia nipande lifti.

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mke wake akiona jua huuliza mvua imekwenda wapi. Nilizaliwa Tanga, nimeishi Toronto zaidi ya nusu ya umri wangu, na kila nilikohamia wasiwasi nao ulihamia. Jiko nimezima? Mlango nimefunga? Simu inalia mapema hivi, kuna nini? Watu walinicheka miaka yote, nami nikajicheka pamoja nao, mpaka safari moja simu ikalia na kweli kulikuwa na jambo. Mume wangu alianguka kazini, mwanzoni mwa majira ya baridi, na hakuinuka tena.

Mwanangu hakuweza kuja kumzika baba yake. Mimba ilikuwa kubwa, daktari akamkataza kupanda ndege. Na alipojifungua, mimi nilikuwa kwenye eda. Mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki ovyo, hasafiri. Wapo walioniambia kuzaa kwa binti yako ni dharura, nenda. Wapo walioniambia kaa. Nilikaa. Nilikaa kwenye kochi lile lile alilokuwa akikalia mume wangu, nikamwona mjukuu wangu ndani ya simu, mwekundu, amekunja ngumi, na mama yake yuko pembeni hana hata mtu wa kumkanda mgongo kwa maji ya moto. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu wa kumwona mwana kwa simu sijui aujuaye ni nani.

Halafu akanitumia ile picha. Kigari cha mtoto, kizuri, cha buluu, kimesimama roshani, na theluji imejaa kwenye ukingo. Nikampigia papo hapo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala, mama." Ananijibu kwa Kiingereza, mimi namwuliza kwa Kiswahili. Ndivyo tulivyoishi tangu alipoanza shule.

"Amelala wapi?"

"Humo kwenye kigari."

"Kigari si kiko nje?"

"Ndiyo. Huku watoto wote mchana wanalala nje. Wanasema ile hewa baridi inawapa usingizi mzito na kifua imara."

Yarabi! Mtoto hana hata arobaini! Kwetu mtoto mchanga hatolewi nje mpaka arobaini ipite, anafichwa upepo, anafichwa macho ya watu, mlango ukifunguliwa tu bibi mmoja anapiga kelele baridi hiyo, baridi! Na hapa Toronto, ukimwacha mtoto kwenye gari ukakimbilia dukani kuchukua maziwa, mpita njia anapiga simu polisi, na kesho yake watu wa ustawi wa watoto wako mlangoni na maswali. Mama mgeni akihamia majengo yetu huonywa hilo kabla hata hajaonyeshwa bucha ya halali. Nilikata simu, nikaenda kugonga kwa jirani yangu wa mlango wa tatu. Ni Mhindi, Ismailia, amekulia Mwanza, na Kiswahili chake kina chumvi kuliko changu. Akaitazama picha, akavua miwani, akavaa, akaitazama tena.

"Dada," akasema, "huyu usimshauri kwa simu. Maliza eda yako, nenda kamchukue."

Na nafasi ya kumchukua ilikuwapo. Mwanangu ni mhandisi, anafanya kazi kwenye kampuni inayotoa maji ya moto ardhini, na kampuni ilikuwa imempa mkataba mpya wa miaka mitatu. Jibu walilitaka kabla ya mwisho wa Aprili. Mume wake, mzaliwa wa huko huko, ni seremala, na alikuwa amesema yeye yuko radhi kwa lolote, Toronto nako kuna mbao. Kwa hiyo uamuzi ulikuwa wa mwanangu. Naye akaniambia: "Njoo uone kwanza, mama. Uone tunavyoishi. Ukishaona ndipo nitawajibu." Mimi nikasikia nilichotaka kusikia, kwamba mwenye kuamua ni mimi.

Nilifika na makosa ya mji nimeshayatafuta kabla sijashuka kwenye ndege. Na la kwanza nililipata uwanjani. Mkwe wangu, kijana mrefu kama mnazi, mpole, ndevu za dhahabu, alinipokea sanduku, akatabasamu, akaniita kwa jina langu. Jina langu kavu! Si mama, si bibi, si hata shikamoo ya kujaribu. Nimekaa na mama mkwe wangu Tanga miaka, mpaka anakufa sikuwahi kulitamka jina lake hata nikiwa peke yangu jikoni. Nikamtazama mwanangu. Akauma midomo asicheke.

"Huku ndivyo, mama. Kila mtu anaitwa jina lake. Mwalimu, daktari, hata rais. Hawana majina ya ukoo. Mtu ni fulani mwana wa fulani, fulani binti wa fulani."

"Binti fulani?"

"Binti fulani."

Alaa! Mimi mwenyewe ni binti fulani. Toronto miaka yote makarani wananiuliza jina la ukoo ni lipi, na mpaka leo kwenye karatasi zangu nina jina la babu ambalo hakuna anayeniita. Kumbe upo mji wa Wazungu ambamo ningejieleza kwa neno moja. Lakini sikulisema hilo. Nilikuwa sijaja kusifu.

Gari likaingia mjini, na nilipoona nyumba nikashika kifua. Mabati! Nyumba za watu zimevalishwa mabati, si paa peke yake, ni kuta nzima, juu mpaka chini, yamepakwa nyekundu, kijani, buluu, manjano. Mimi nimetoka kwenye mabati Tanga, nimepanda ndege nimevuka dunia, nimesafisha ofisi za watu nikimsomesha mtoto mpaka chuo kikuu, naye amekwenda kuolewa kwenye mabati! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mkwe wangu akaeleza kwamba mbao zilikuwa shida kisiwani na upepo wao mkali, mabati ndiyo yaliyowaokoa. Akaligonga la kwao kwa kidole, ngo ngo ngo, kama mtu anayejivunia farasi. Na ndani, haki yake nimpe, nyumba ilikuwa na joto zuri na dari safi. Ila nilipofungua maji nioge, yalinuka yai viza. Nikatoka mbio na taulo.

"Mtoto mnamwogesha kwa haya?"

"Yanatoka ardhini hivyo, mama. Ni madini tu. Utazoea."

"Sizoei!" nikasema, na kwa kweli siku ile nilikuwa na hakika.

Lakini vita vyenyewe vilikuwa vya kigari. Mchana wa kwanza mwanangu alimfunika mtoto kwa sufu, kofia, soksi mbili mbili, akamtia kwenye kigari akakitoa mlangoni, kwenye kijibaraza cha mbele, pale barabarani wanapopita watu. Akarudi ndani, akafunga mlango, akaniuliza kama nitakunywa chai. Chai! Nilimwambia asante, nikavaa koti langu la Toronto, glavu, buti, nikachukua kiti cha jikoni nikatoka nacho. Nikakaa pembeni ya kigari kama askari wa benki. Upepo wa mji ule hauvumi kutoka upande mmoja; unakuja, unazunguka, unarudi kuangalia ulichosahau. Mtoto anakoroma. Watu wanapita, wanaitikia kwa kichwa, wanaendelea na safari zao. Hakuna aliyeuliza huyu mtoto wa nani. Likaja paka kubwa la rangi ya mdalasini, likaruka kwenye ngazi, likachungulia ndani ya kigari. "Toka!" Likanitazama kwa dharau, likajilaza miguuni pangu. Nilijua hatari ya paka, humlalia mtoto usoni. Nikalizuia kwa buti kidogo kidogo mpaka usingizi wa mtoto ukaisha.

Kesho yake nikakaa tena, na keshokutwa. Mkwe wangu akirudi kula chakula cha mchana ananikuta. Hakucheka, wala hakunishauri niingie. Siku ya tatu nilikuta kiti cha jikoni kimeondolewa na mahali pake pana benchi dogo, jipya, bado linanuka maranda, na juu yake blanketi la sufu. Kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi ya tatu nilipewa benchi. Nikaketi. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeanza kumpenda.

Na mwanangu kila siku akinitembeza. Alikuwa bado na likizo ya uzazi, tukitoka asubuhi na mtoto tunakwenda polepole, maana mji wenyewe ni mdogo, ukipiga chafya upande huu upande wa pili wanakuombea rehema. Akanionyesha ziwa katikati ya mji, mabata na mabata maji wakubwa weupe wanalishwa na vitoto vyenye kofia za sufu. Akanionyesha kwamba kando ya barabara kuu theluji haikai, kwa sababu maji ya moto yanapita chini ya vigae. Mji unaopasha miguu ya watu! Nilivua glavu nikagusa chini kwa kiganja, watu wananipita. Akanionyesha paka. Paka wa mji ule ni raia kamili: wanaingia duka la vitabu, wanalala juu ya vitabu, mnunuzi anasubiri paka ageuke upande ndiyo achukue anachotaka.

Na kila tulipoona jambo, mwanangu akigeuka kunitazama. "Unaonaje, mama?"

"Hmm," nilikuwa nikisema. "Baridi."

Alikuwa amekonda. Nililiona hilo. Alikunywa uji wangu wa pilipili manga kama mtu anayefuturu, akakubali nimfunge tumbo kwa kanga ingawa muda wake ulikuwa umeshapita, na mchana mmoja nilimkuta amelala kitandani kwangu, amejikunja upande ninaolalia mimi. Nikasema moyoni ni uchovu wa kulea, mtoto ananyonya sana. Nikamfunika.

Ikafika siku wanayosherehekea kuanza kwa kiangazi. Sikukuu kabisa, kazi zimefungwa, watoto wamepewa bendera, bendi ya tarumbeta inapita katikati ya mji. Na theluji inaanguka! Wapiga tarumbeta wamevaa glavu zilizokatwa vidole, pua nyekundu, wanapulizia kiangazi. "Kiko wapi hicho kiangazi?" nikamwuliza mkwe wangu. Akatazama mbinguni, akafikiri kwa dhati, akasema: "Kiko njiani." Nikageuza uso wasinione nikitabasamu. Nilikuwa na hasira na mji ule kwa kunitabasamisha. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja, na neno langu bado lilikuwa mdomoni.

Kisha likaja la bwawa. Wao hawana misikiti mingi wala majumba ya kahawa ya wazee. Wana mabwawa ya maji ya moto, nje, hewa tupu, na humo ndimo mji unamokutana. Mwanangu akasema siwezi kuondoka bila kuingia. Nilikuwa na vazi langu la kuogelea, refu, la mikono na kofia yake. Lakini kabla ya kuingia, mwenzangu, lazima uoge kwa sabuni, uchi wa mnyama, bafu la wanawake, wote pamoja, na ukutani kuna picha ya mtu imewekwa alama sehemu zote za kusuguliwa. Na yuko mama mmoja msimamizi, mnene, mikono kiunoni, anahakikisha. Nikajifunga kanga kifuani, nikaoga chini ya kanga kama tulivyokuwa tukioga kisimani utotoni, nikamtolea macho. Naye akanitolea macho. Nikasugua. Akaangalia ukutani kwenye picha, akaniangalia mimi, nikasugua tena. Mwishowe akainua kidole gumba, akanionyesha kwamba nyuma yangu kulikuwa na kichumba chenye pazia muda wote ule.

Nikatoka nje nikiwa nimefedheheka, nikakimbia kwenye baridi, nikajitupa kwenye duara la maji ya moto ambamo wazee wa kiume walikuwa wamezama mpaka shingoni wakibishana siasa. Wakasogea wakanipa nafasi. Na papo hapo mvua ya mawe ikaanza. Mawe madogo madogo, yanagonga vichwa vya wazee wenye upara, ta ta ta, nao hawasimamishi mabishano hata kidogo, mmoja ameweka tu kiganja kwenye upara anaendelea kusema. Basi nikacheka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, mpaka nikashika ukingo nisizame, mpaka wazee nao wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Nilipofuta macho nikamwona mwanangu ng'ambo ya duara. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama tu, maji yako kidevuni. Nikadhani nimemwaibisha.

Siku mbili kabla ya safari yangu nikatoka peke yangu kununua mkate. Nje ya duka la mikate vilikuwa vimepangwa vigari vitatu, na watoto ndani yake, na mama zao wako ndani wanakunywa kahawa, vioo vimejaa mvuke. Nilikuwa nimeshazoea kuona. Nikapita. Wa mwisho akaanza kulia. Nikasimama. Nikasema mama yake atatoka sasa hivi. Upepo ukafunua blanketi, kilio kikapanda, kile kilio cha mtoto anayekatika pumzi katikati. Nikatazama mlango. Hakuna mtu. Kwetu mtoto anayelia hana mwenyewe. Aliye karibu ndiye mama yake. Mikono ilimnyanyua kabla akili haijaulizwa. Nikamlaza begani, nikampiga mgongoni, nikaanza kumbembeleza kwa sauti ile ile niliyombembelezea wangu, akapunguza, akanyamaza, akakamata ushungi wangu akautia mdomoni.

Hapo ndipo akili ikafika. Mwanamke mweusi, mgeni, ushungi kichwani, ana mtoto wa Kizungu begani mbele ya duka la watu, na mtoto si wake. Nikaona polisi, nikaona picha yangu, nikaona mwanangu akiitwa kazini kuulizwa mama yako ni mtu wa namna gani. Nikajaribu kumrudisha kwenye kigari, akalia. Nikamnyanyua, akanyamaza. Nikamrudisha, akalia. Yarabi nisitiri! Mlango ukafunguliwa, akatoka mwanamke kijana na kikombe mkononi, povu la maziwa mdomoni.

"Samahani," nikaanza, na Kiingereza changu chote cha miaka yote ya Toronto kikanikimbia. "Alikuwa analia. Mimi bibi. Mimi pia nina mtoto. Samahani, samahani sana."

Akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akasema, "Oo, ameamka," kama mtu aliyeona maji ya chai yamechemka. Kisha akaniuliza kama nina haraka, maana hajamaliza andazi lake, na mtoto anaonekana amefurahi hapo. Akanitajia jina lake, akaniuliza langu. Akaingia ndani, akarudi na kikombe cha kahawa akaniwekea kwenye benchi la nje ya duka, akaingia tena, akafunga mlango.

Akafunga mlango! Nilikaa pale na mtoto wa watu mapajani, kahawa ikanimwagikia kiatuni nisiione. Sikuwahi kuaminiwa namna ile na mtu asiyenijua, si Toronto, si popote. Na badala ya kufurahi niliingiwa na huzuni ambayo mpaka leo naikumbuka ladha yake, kwa sababu nilijua nimeshindwa. Nilikuja na hoja moja, kwamba mjukuu wangu hayuko salama, na hoja imekufa mikononi mwangu. Iliyobaki ni kwamba mimi niko peke yangu. Kwamba nikirudi kule ghorofani naweka sahani mbili mezani bila kukusudia. Hilo si jambo la kumwambia mtoto mwenye kazi yake na mume wake na kichanga. Mzazi haombi hivyo. Niliukasirikia mji ule, wallahi. Ungekuwa mbaya kidogo tu ningemwambia turudi.

Jioni ile tulikuwa jikoni, mwanangu ananyonyesha, mimi nageuza chapati. Akauliza tena, polepole, "Sasa umeona, mama. Unaonaje?"

Nikageuza chapati. "Kaeni," nikasema. "Mji mzuri. Watu wazuri. Mtoto yuko salama."

"Kweli?"

"Kweli. Nikupe uongo nipate nini?"

"Na wewe je?"

"Mimi? Nina jirani yangu, nina msikiti, nimezoea. Usiniwazie mimi."

Akamlaza mtoto, akaenda kwenye sinki, akafungulia maji akaanza kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Nikafikiri ametua mzigo. Kesho yake alikwenda kazini kwao akatia sahihi, na siku iliyofuata nikapanda ndege. Uwanjani mkwe wangu aliniita mama. Alikuwa amefundishwa, nilisikia alivyolitamka kwa uangalifu.

Nimerudi Thorncliffe Park, na nimekuwa msimulizi wa mji ule. Kwa jirani yangu, msikitini baada ya darsa, kwenye harusi. Nawasimulia mabati, paka, rais anayeitwa jina lake, wazee wa bwawani. Natia chumvi, watu wanavunjika mbavu. Jirani yangu ndiye asiyecheka sana. Yeye aliniuliza mara moja tu, "Sasa, dada, si ulikwenda kumchukua?" Nikamwambia mambo ya watoto wa siku hizi mtu huyaachia wenyewe.

Jumapili iliyopita mwanangu akanipigia. Mtoto anaota meno, amemweka mapajani, anatafuna kijiko. Tukazungumza meno, tukazungumza homa, nikamwambia ampake nini. Kisha akainua uso, akanitazama ndani ya simu.

"Mama," akasema, "nilikuwa nakusubiri useme turudi."

"Unasema nini?"

"Kila siku. Nilikutembeza mji mzima nikisubiri uuchukie. Huku peke yangu siwezi, mama. Nilizaa peke yangu. Baba amekufa niko peke yangu. Nilitaka tu uniambie funga mizigo, ningefunga siku ile ile."

"Na mbona hukusema?"

"Ulicheka," akasema. "Pale bwawani. Tangu baba afe sikuwahi kukusikia ukicheka, nilikuwa naogopa hutacheka tena. Nikasema, mama ameupenda mji huu. Tukibaki atakuwa na mahali pa kuja. Tukirudi sote Toronto, yeye atabaki kwenye kochi la baba, hana pa kwenda." Akamfuta mtoto mate. "Halafu ukasema kaeni."

Mjukuu wangu akaangusha kijiko, mama yake akainama kukiokota, nikabaki natazama kisogo chake, nywele hazijasukwa. Alipoinuka nikamwambia kuna mtu anagonga mlango, nitampigia baadaye. Hakuna aliyegonga.